Kabla Hujafadhili Roboti ya Shule, Hesabu Mikono

Vyama vya waliosoma shule fulani, kampuni na Watanzania na Wakenya walio nje huuliza jambo moja: tufadhili mashindano gani ya roboti? Nao huanza na ada ya usajili. Kwa mashindano mengi ada hiyo ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Mimi huanza na mikono: ni watoto wangapi wataishika roboti, dakika ngapi kwa wiki, na watacheza mechi ngapi kwa mwaka bila kupanda ndege.

Chukua klabu ya watoto 30. FIRST LEGO League Challenge, mashindano ya roboti za LEGO ambayo wengi huyaita FLL, inaruhusu watoto 10 kwa timu, kwa hiyo unahitaji roboti 3. FIRST Tech Challenge, yaani FTC, inaruhusu 15, roboti 2. World Robot Olympiad, WRO, timu ni ya watoto 2 au 3, hivyo roboti 10. VEX, mashindano ya vifaa vya kampuni ya jina hilo, hugawanywa vizuri kwa watoto 4 hadi 6, roboti 5 hadi 8. FIRST Robotics Competition, FRC, wote 30 wanazunguka mtambo mmoja wenye uzito wa zaidi ya kilo 50 ukiwa na betri na bampa zake. Sasa piga hesabu: kipindi cha saa mbili, watoto 15 kwa roboti moja, kila mmoja anapata dakika 8. Watoto 3 kwa roboti moja, dakika 40. Hapo ndipo fedha yako inapofanya kazi au inapopotea.

Hesabu hiyo si ya kufuatwa kwa upofu. FLL ina roboti moja kwa watoto 10, lakini mechi za roboti ni robo tu ya alama. Robo nyingine ni maelezo ya namna roboti ilivyobuniwa, nyingine mradi wa uvumbuzi, na nyingine namna timu inavyoshirikiana. Mtoto asiyependa kufunga vipande ana kazi ya kweli. Kwa shule ya msingi na mwanzo wa sekondari, huwa naipendekeza kwanza. Roboti inajiendesha yenyewe kwa dakika 2 na nusu, hakuna anayeishika rimoti, na seti moja ya roboti ya LEGO iitwayo SPIKE Prime imekuwa ikiuzwa takriban dola 400. Kabla ya kulipa, muulize mratibu wa nchi ni seti gani itakayokubaliwa misimu mitatu ijayo. EV3, seti ya LEGO iliyoitangulia, iliondolewa sokoni mwaka 2021, na shule zilizokuwa zimenunua nyingi zilibaki kutafuta betri na nyaya za mitumba.

Usinunue meza ya kuchezea FLL kutoka nje. Seremala wa mtaani anaitengeneza, ila mpe vipimo kwa milimita. Ndani ya meza panatakiwa 2362 kwa 1143. Plaiwudi ya kawaida ni 2440 kwa 1220. Ukizungushia juu yake mbao zenye unene wa milimita 38, ndani inabaki 2364 kwa 1144, na mkeka wa mchezo unakaa sawasawa. Ukimwambia seremala "mbao ya inchi mbili" atakukatia milimita 50 kamili, ndani itabaki 2340 kwa 1120, na mkeka utavimba katikati. Roboti ikipita kwenye mkunjo huo gurudumu moja linateleza, inapinda, na watoto watatumia wiki nzima kurekebisha programu isiyo na kosa. Kama mbao za 38 hazipatikani, pigilia zile za 50 ubavuni mwa plaiwudi badala ya juu yake, kisha jaza kwa vipande vya mbao upenyo wa milimita 77 au 78 unaobaki kwa urefu na kwa upana.

Kwa sekondari yenye fedha kidogo na mwalimu anayejua kuandika programu, napenda kitengo cha Future Engineers cha WRO, cha vijana kuanzia miaka 14. Ni gari dogo linalojiendesha, lisilozidi milimita 300 kwa 200 na kilo 1.5. Lina magurudumu manne na usukani. Hairuhusiwi mota mbili kuendesha gurudumu la kushoto na la kulia kila moja kivyake. Kidhibiti ni chochote, hata bodi ndogo za kompyuta kama Arduino au Raspberry Pi, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu kilichoungua kinanunuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, badala ya kusubiriwa miezi. Timu pia hulazimika kuweka programu na michoro yake hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, kazi ambayo kijana ataionyesha hata akiomba chuo.

Kosa linalojirudia katika magari hayo ni umeme. Mota na Raspberry Pi vinachomekwa kwenye betri moja bila kutenganishwa. Mota ikianza kuvuta, volti inashuka, kompyuta inajizima na kuwaka upya katikati ya mzunguko. Timu inadhani kamera ndiyo mbovu. Ipe kompyuta kirekebishi chake cha volti 5 kinachotoa angalau ampea 3, au betri yake kabisa, na tatizo mara nyingi huisha siku hiyohiyo.

FTC ni hatua kubwa zaidi, na ningeifadhili pale tu alipo mtu mzima anayeweza kukaa na watoto mara mbili kwa wiki mwaka mzima. Uwanja ni mita 3.66 kila upande, roboti huanza ikiwa ndani ya mchemraba wa inchi 18, mechi ni sekunde 30 za kujiendesha na dakika 2 za kuendeshwa. Usajili Marekani ni kama dola 300. Lakini Control Hub na Driver Hub, yaani kompyuta ya roboti na ya madereva, peke yake hula zaidi ya dola 500, kabla hujanunua mota hata moja. Faida yake ni kwamba bati na alumini unaweza kukata karakana ya karibu. VEX ni imara na vipande vyake vinadumu misimu mingi, ila umeme wote lazima uwe wa VEX, na mota ikifa, maduka ya karibu hayana mbadala.

Roboti za FTC hushindwa kwa mambo madogo. Skrubu ndogo inayobana gia kwenye shafti inalegea kwa mtikisiko, mota inazunguka lakini gurudumu limesimama. Tumia vishikio vinavyokumbatia shafti mzunguko mzima, na tia gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Waya mwembamba wa kupima mzunguko wa mota unachomoka, roboti inajizungusha kama kichaa. Funga kila waya sentimita chache kutoka kwenye soketi. Betri iliyojaa husoma zaidi ya volti 13 ikiwa imepumzika. Ikisoma chini ya 12.5, mimi siipeleki uwanjani. Kujaza huchukua saa moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo nunua betri 4 na chaja 2 kwa kila roboti. Bajeti zinazoletwa mezani karibu zote zina betri 1.

FRC ni tamasha, na inavutia wafadhili kwa sababu ya ukubwa wake. Usajili peke yake ni zaidi ya dola 6,000 kwa msimu. Kama unaishi Marekani, na mtoto wako au wa jirani yuko karibu na timu yenye karakana, iongezee nguvu timu hiyo. Kuanzisha mpya Afrika Mashariki kwa fedha ileile ni kuzinyima timu nyingi za FLL. FIRST Global, mashindano ya mataifa yaliyoanza 2017, inachukua timu moja kwa kila nchi. Ni heshima kwa vijana wachache, haijengi klabu ya shule.

Kisha kalenda. FLL hutoa mchezo wake Agosti, FTC Septemba, FRC Januari. Kidato cha nne Tanzania na Kenya kinakuwa kwenye mitihani kati ya Oktoba na Novemba, halafu shule zinafungwa. Timu iliyojaa wanafunzi wa kidato cha nne itakufa Septemba. Weka sharti: nusu ya timu watoke madarasa ya chini ya sekondari, na mwalimu mkuu aandike kwa maandishi kwamba chumba kitafunguliwa Desemba.

Gawa fedha kwa misimu mitatu. Mwaka wa kwanza asilimia 50, kwa vifaa. Mwaka wa pili 25 na wa tatu 25, kwa usajili, nauli na spea, zitolewe baada ya timu kucheza mechi rasmi za msimu uliopita. Vifaa viagizwe mapema vifike Julai. Andika kwenye ankara jina la kila kipande na matumizi yake ya kielimu, na mpate wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, kwa sababu boksi lililokaa bandarini Agosti na Septemba limeshakula msimu.