Cheti cha bangi ya tiba hakivuki mpaka

Mtu anayeishi Toronto au Minneapolis na kutumia mafuta ya bangi kwa maelekezo ya daktari hasumbuliwi na mtu nyumbani kwake. Shida huanza anapofunga sanduku kuja Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar kusalimia wazee. Swali tunaloulizwa sana ni hili: "Nina karatasi ya daktari, si inatosha?" Haitoshi.

Karatasi ile ni ruhusa ya mahali ilipotolewa. Kwa Marekani si ya nchi nzima hata, ni ya jimbo. Kuisafirisha bangi kutoka jimbo linaloiruhusu kwenda jingine linaloiruhusu bado ni kosa mbele ya serikali ya shirikisho. Kanada iliihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, lakini kuivusha mpaka, iwe kuingia au kutoka, ni kosa hata kwa mgonjwa mwenye idhini. Wengine hutaja uamuzi wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 2020. Ni kweli, bangi iliondolewa kwenye Jedwali la Nne, orodha yenye masharti makali zaidi, la Mkataba wa 1961 kuhusu dawa za kulevya. Ila imebaki Jedwali la Kwanza, yaani bado ni dawa inayodhibitiwa, na kila nchi bado inajiamulia.

Yaliyompata Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, yanafaa kutazamwa kwa karibu. Februari 2022 alitua uwanja wa Sheremetyevo, Moscow, akiwa na katriji za sigara ya kielektroniki zenye mafuta ya bangi. Mafuta yenyewe hayakufika hata gramu moja. Alikuwa na barua ya daktari wa Arizona, na mawakili wake waliipeleka mahakamani. Alieleza kwamba alifungasha kwa haraka na hakukusudia. Agosti mwaka huo alihukumiwa miaka 9. Alitoka Desemba, kwa kubadilishwa na mfungwa Mrusi, Viktor Bout, kwenye uwanja wa ndege wa Abu Dhabi. Serikali yake ilimpigania hadi ngazi ya juu kabisa. Wewe na mimi tusijipe matumaini hayo.

Wasafiri wetu wengi huunganisha ndege Dubai au Doha, na hapo ndipo ninapoona uzembe mkubwa. Mtu husema, "Mimi napita tu." Ndege ikiahirishwa ukalala hotelini, utapita uhamiaji na forodha kama mgeni mwingine yeyote. Tangu Januari 2022 Falme za Kiarabu zimelegeza kidogo: anayeingia kwa mara ya kwanza na chakula au kinywaji chenye THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, huweza kunyang'anywa bila kufungwa. Nafuu hiyo ni finyu. Kule hata kilichokutwa kwenye mkojo wako ni ushahidi wa kutumia.

Huku nyumbani, Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Kenya ina yake ya 1994, na cheti cha daktari wa ng'ambo hakiigeuzi bangi kuwa panadoli. Rwanda imeruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Ruhusa hiyo ni ya mwekezaji mwenye leseni, si ya abiria.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji hata kukutwa na kitu. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu wa Marekani, akikiri mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Marekani kwamba anatumia bangi, jimbo lake liwe linairuhusu au la, anaweza kuzuiwa kuingia tena. Idara ya uraia ilitamka wazi mwaka 2019 kwamba matumizi hayo yanaweza kumharibia mwombaji sifa ya tabia njema. Usimdanganye ofisa, lakini zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya safari.

Ushauri wangu: usiibebe. Mwone daktari mapema akubadilishie dawa kwa muda wa safari, na hiyo mpya nayo uiulizie ubalozini kwa maandishi. Kuna cheti rasmi kwa mgonjwa anayebeba dawa zinazodhibitiwa, lakini kinatumika ndani ya nchi za Schengen pekee (zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao), kisichozidi siku 30, chenye mhuri wa mamlaka husika. Kagua pia begi ulilotumia mwaka jana: pipi laini za bangi zilizosahaulika mfuko wa pembeni, kisagio cha bangi chenye vumbi, chupa ya mafuta ya CBD, kemikali ya bangi isiyolewesha, ambayo lebo yake inadai haina THC.

Ukikamatwa, omba ubalozi wako ujulishwe. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi unakupa haki hiyo. Griner aliiambia mahakama kwamba alitakiwa kusaini karatasi ambazo mkalimani hakumfasiria zote. Karatasi usiyoielewa, isubiri mpaka mkalimani au wakili afike.