Tarakimu 20 za LUKU: mita inasoma nini ukizibonyeza

Ukinunua umeme kwa simu, ni rahisi kudhani mita ya nyumbani inaongea na kompyuta za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Mita nyingi za LUKU, yaani za kulipia umeme kabla ya kuutumia, haziongei na yeyote. Hazina laini wala intaneti, na habari pekee zinayoipata kutoka nje ni zile tarakimu 20 unazobonyeza. Ukishalielewa hilo, matatizo mengi ya tokeni yanaelezeka.

Tokeni ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri, kwa kufuata STS, kiwango cha mita za malipo ya kabla kilichoanzia Afrika Kusini na ambacho Kenya nayo inakitumia. Tarakimu 20 zinabeba biti 66, yaani sifuri na moja za lugha ya kompyuta. Biti 16 ni kiasi cha umeme, kinachohesabiwa kwa sehemu za kumi za uniti. Nyingine 24 ni dakika tokeni ilipotolewa, na 16 ni za ukaguzi. Zinazobaki zinaeleza aina ya tokeni, pamoja na namba ndogo ya kubahatisha.

Shilingi hazimo kabisa. Hesabu ya fedha inaishia kwenye seva. Chukua mfano wa viwango vya 2024, bei ya sh 292 kwa uniti: ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika sh 356.24. Kwa hiyo sh 10,000 ilitoa uniti 28.1. Ukipata pungufu, usiilaumu mita, soma risiti. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na usiponunua umeme kwa miezi mitatu, makato ya miezi hiyo yanakusubiri kwenye ununuzi unaofuata.

Sasa kukataliwa. Kila mita ina ufunguo wake, unaotengenezwa kwa kuchanganya namba ya mita na taarifa nyingine za mfumo. Ukiweka namba ya mita nyingine wakati wa kulipa, unapata tokeni halali kabisa, ila ni ya mtu mwingine. Mita yako itaifungua kwa ufunguo wake, ikute vurugu, biti za ukaguzi zigome. Kurudia kubonyeza hakusaidii, na baadhi ya mita hujifunga kwa muda ukikosea mara nyingi. Kwanza linganisha namba ya mita iliyo kwenye ujumbe na iliyo kwenye mita yenyewe.

Sababu ya pili ni muda. Mita hutunza orodha ya dakika za tokeni ilizopokea karibuni, 50 au zaidi. Dakika iliyomo kwenye orodha inahesabiwa imetumika. Iliyo nyuma ya ile kongwe kuliko zote kwenye orodha inahesabiwa imepitwa. Kwa hiyo tokeni uliyoisahau wiki mbili kwa kawaida bado inaingia, hata kama umeshaingiza nyingine baada yake.

Kwa wenye mita juu ya nguzo na kidude cha kubonyezea ndani, kuna jambo dogo linalosumbua kupita kiasi: betri. Uniti zikiisha na betri za kidude nazo zimekufa, skrini haiwaki, na mtu anaishia kuamini tokeni ni mbovu. Badilisha betri kwanza.

Hizo biti 24 za muda ndizo zilizoleta usumbufu wa 2024, wateja walipotakiwa kuingiza tokeni za ziada ili kuboresha mita zao. Hesabu ya dakika ilianzia 1 Januari 1993, na biti 24 zinafika mwisho kwenye dakika 16,777,216, yaani 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingeona kila tokeni mpya ni ya zamani. Dawa ilikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya na kuanza kuhesabu dakika kutoka 2014. Ufunguo huo una biti 64, haukai ndani ya tokeni moja, hivyo ukagawanywa mara mbili. Ndiyo maana wateja walipokea mafungu matatu: mawili ya ufunguo, la tatu la uniti. Aliyekimbilia la tatu aligonga mwamba, kwani lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ambao mita haijaupata. Tokeni za zamani ambazo hazikuingizwa kabla ya zoezi nazo hazikufunguka tena, ingawa uniti zilizokuwa tayari ndani ya mita zilibaki.

Kwa maoni yangu, tangazo la zoezi hilo lingeeleza sababu hiyo kwa sentensi mbili, uvumi kwamba zoezi lilikuwa njia ya kupandisha bei usingepata nafasi.

Mita iliyokwisha kubadilishwa itahesabu hadi 24 Novemba 2045.