Upanga wa kale uliounganishwa: maana yake

Upanga uliounganishwa ni ule ambao ubapa, mpini na ala havikutoka kwa fundi mmoja wala wakati mmoja. Uliokarabatiwa ni mwingine: vipande ni vyake mwenyewe, ila kimoja kililegea au kuvunjika kikashikizwa. Muuzaji wa Lubumbashi akikuapia kuwa upanga wake ni wa enzi za Msiri, mfalme wa Katanga wa karne ya 19, huenda chuma ni cha zamani kweli. Ulizia kiliungwa lini na mpini huo.

Kuungwa si udanganyifu. Panga nyingi za Oman na Zanzibar, na kaskara (panga nyoofu) za Sudan, zilitiwa ubapa wa Ulaya, mara nyingi wa Solingen, Ujerumani, mafundi wa huko wakaweka mpini wao. Hizo ni halali kabisa. Kinachoshusha bei ni muungo wa juzi unaouzwa kama wa karne iliyopita.

Anza kukagua pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Msuka, yaani ule mkia wa chuma uliofichwa ndani, ndio wenye habari nyingi. Katika panga nyingi za Ulaya, ncha yake hutokeza mwishoni mwa mpini na kugongwa hadi itandazike kama kichwa cha ribiti. Tazama hapo kwa lenzi. Pakiwa pa zamani, alama za nyundo zimelainika na rangi yake ni ile ile ya chuma kinachopazunguka. Pakiwa panang'aa, au pana mikwaruzo ya tupa, mpini ulishafunguliwa. Pengine ulikuwa umelegea tu, lakini muuzaji akupe maelezo.

Kwa visu na shoka za huku kwetu zenye mpini wa mti, msuka uliweza kupashwa moto ukachoma njia yake wenyewe, ndiyo maana unabana. Ukikuta uwazi uliozibwa kwa gundi, chukua ile taa ndogo ya kukagulia dola uimulike gizani: gundi nyingi za kisasa hung'aa.

Wajapani hawasafishi kutu ya msuka, maana rangi yake husaidia kukadiria umri. Tundu la pili la kijiti cha kushikia mpini kwenye msuka huo mara nyingi huonyesha kuwa upanga ulifupishwa ukawekewa mpini mwingine, na huenda hilo lilifanyika karne nyingi zilizopita.

Ubapa uliochomelewa huacha mstari mwembamba, pengine na rangi ya buluu ya moto, isipokuwa umesuguliwa. Mimi upanga uliosuguliwa mpaka ukametameta unanitia shaka kuliko wenye kutu, kwa sababu aliyesugua amefuta pia alama zote.

Jaribu ala nayo: ubapa ukicheza ndani au ukakwama nusu, ala ni ya upanga mwingine, au imekauka ikajikunja.

Usikubali mtu aung'oe mpini ili mhakikishe. Mti mkavu hupasuka, na ribiti ikishakatwa hairudi ilivyokuwa. Picha ya eksirei huonyesha umbo na urefu wa msuka bila kufungua chochote, ingawa mpini uliofunikwa kwa shaba nene huzuia sehemu ya picha hiyo.