Pazia halipendezi kwa bei ya kitambaa

Wengi huamini kwamba pazia la kuvutia lazima liwe la kitambaa ghali. Si kweli. Nimeona hariri ya bei kubwa ikining'inia kama taulo, na pamba ya kawaida ya Kariakoo ikiipa sebule hadhi.

Siri ni marinda. Kitambaa kiwe na upana mara 2 ya fimbo, au angalau mara 1.5. Kwa dirisha la sm 120, weka fimbo ya sm 160, ili ukifungua, pazia likae ukutani na mwanga uingie wote. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinatosha kwa vipande viwili, kila kimoja mita 2.5 pamoja na pindo. Jumla mita 5 tu! Kama bajeti ni finyu, nunua kitambaa cha bei nafuu, lakini usipunguze mita.

Fimbo ipande sm 15 hivi juu ya fremu; chumba kitaonekana kirefu. Pazia lishuke hadi karibu na sakafu, maana linaloishia katikati ya ukuta huonekana limepungua. Na pamba ifuliwe kabla ya kukatwa, kwani hurudi.