Mtu wa mrengo wa kati ni nani katika siasa?

Mtu wa mrengo wa kati ni yule ambaye misimamo yake, ukiichukua suala moja baada ya jingine, mara nyingi huangukia kati ya matakwa ya mrengo wa kushoto na yale ya mrengo wa kulia. Kushoto, kwa ufupi, ni kutaka serikali iingilie uchumi zaidi ili kupunguza pengo la kipato. Kulia ni kuliachia soko nafasi kubwa, kutoza kodi ndogo na kulinda mila na taasisi zilizokuwepo. Tuchukue matibabu. Wa kushoto atasema serikali igharamie kila mgonjwa kwa fedha za kodi. Wa kulia atasema kila mtu ajinunulie bima kwa hiari yake. Wa kati atataka bima iwe ya lazima, wenye ajira wachangie kulingana na kipato chao, serikali iwalipie wasio nacho, na hospitali za binafsi ziendelee na kazi. Huo ni msimamo kamili, una gharama zake na wapinzani wake.

Mgawanyo wenyewe ulianzia Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliomuunga mkono mfalme walipokaa kulia kwa mwenyekiti wa bunge na waliotaka mageuzi wakakaa kushoto. Katika bunge la mapinduzi lililoanza 1792, kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la katikati. Liliitwa Uwanda, na waliolibeza wakaliita Kinamasi. Lilimvumilia Robespierre, kiongozi wa wanamapinduzi wenye siasa kali, alipokuwa na nguvu, kisha Julai 1794 likashiriki kumwangusha. Tuhuma kwamba mtu wa kati ni kigeugeu ni ya tangu enzi hizo, na tukubali kwamba haikutoka hewani.

Penye utata mkubwa ni kwenye kupima. Chukua wapiga kura wawili, uwaulize masuala manne kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kushoto kabisa na 10 ni kulia kabisa. Wa kwanza anapata 5, 4, 6 na 5. Wa pili anapata 0, 10, 10 na 0: anataka mabenki yote yataifishwe, wahamiaji wazuiwe mpakani, adhabu ya kifo irudishwe, na chuo kikuu kiwe bure kwa wote. Piga wastani: kila mmoja ana 5. Kwenye jedwali la matokeo wote wawili wataonekana ni wa mrengo wa kati, ilhali wa pili hana hata jambo moja la kati. Ongeza na wale wanaojiweka kwenye 5 kwa sababu tu swali limewashinda. Kwa hiyo ukisoma kwamba wananchi wengi wako katikati, uliza kwanza kama walipimwa kwa wastani, kwa kujitaja wenyewe, au kwa kila suala.

Asiye na chama si lazima awe wa kati, na mwenye kadi ya chama anaweza kuwa wa kati. Upole wa maneno nao haupimi kitu: kuna wanaozungumza kwa staha huku wakitaka mambo makali mno.

Jambo jingine ni kwamba katikati huhama. Kura kwa wanawake ilikuwa dai la wenye siasa kali karne ya 19, na Uswisi haikuikubali katika ngazi ya shirikisho hadi 1971. Leo huko anayeipinga ndiye aliye pembeni. Ndiyo maana kugawa tofauti nusu kwa nusu si hoja yenye kujitosheleza. Sheria ya Uingereza ya 1833 ya kukomesha utumwa ilikuwa maafikiano ya aina hiyo: wamiliki walitengewa fidia ya pauni milioni 20, na wengi wa waliokuwa watumwa wakalazimika kuendelea kuwatumikia mabwana walewale, sehemu kubwa ya wiki bila malipo, hadi mpango huo ulipovunjwa 1838. Palipo na haki upande mmoja na dhuluma upande wa pili, nusu ya njia bado ni dhuluma.

Kwenye uchaguzi, mchumi Anthony Downs alieleza mwaka 1957 kwamba vyama viwili vinavyoshindana vitasogea kwa mpiga kura wa katikati kabisa, kwa kuwa anayempata huyo anapata wengi. Hesabu hiyo inahitaji suala moja kuu, vyama viwili tu, na wafuasi wa pembeni wasiosusa kupiga kura. Sharti moja likikosekana, inayumba. Kanuni za uchaguzi nazo zina uzito wake. Uingereza, ambako jimbo huchukuliwa na mwenye kura nyingi tu, muungano wa vyama vya mrengo wa kati, SDP na Liberal, ulipata takriban asilimia 25 ya kura mwaka 1983 na kuambulia viti 23 kati ya 650. Labour, chama cha mrengo wa kushoto, kwa asilimia 28 hivi, ilipata 209, kwa sababu kura zake zilirundikana kwenye ngome zake na za muungano zilitawanyika nchi nzima. Ujerumani Magharibi, ambako viti viligawanywa kwa uwiano wa kura, mambo yalikuwa kinyume: chama kidogo cha kati, FDP, kilipohama upande mwaka 1982, Kansela (mkuu wa serikali) Helmut Schmidt aliondoka na Helmut Kohl akaingia.

Mwanasiasa akijiita wa mrengo wa kati, orodhesha masuala matano au sita yanayobishaniwa kwa sasa, andika kila upande unataka nini hasa, kisha tazama alivyopiga kura bungeni na mafungu aliyoyaunga mkono kwenye bajeti. Hotuba ziweke kando. Akiwa wa kati kwenye mawili na wa kulia kwenye manne, mwite wa kulia.