Kunduchi bila michezo ya maji: hesabu mwezi kwanza, chumba baadaye

Ukisema umechukua chumba Kunduchi, ufukweni Dar es Salaam, siku tatu na hununui tiketi ya Wet 'n' Wild, yale mabwawa ya michezo ya maji, utaulizwa sasa unaenda kufanya nini. Swali la haki. Kule Florida, Disney walifungua hoteli ya Animal Kingdom Lodge mwaka 2001, migahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, na wapo wageni wanaolala pale kutazama twiga kutoka roshani tu, michezo wakaiacha. Sisi wenye lugha yetu tunaona aibu kukaa hotelini bila kuteleza!

Shida ni moja. Bwawa la michezo lina maji saa zote, bahari haina. Mgeni anashuka ufukweni saa 4 asubuhi, taulo begani, anakuta maji yameondoka, imebaki mchanga na majani. Ikifika saa 6 watoto wameshinda kesi na baba yuko kwenye foleni ya tiketi.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu hotelini, hesabu mwezi mwandamo, kama wavuvi wa pale wanavyofanya. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Siku hizo bahari hupwa mbali kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Karibu na tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, na tena 23 hadi 25, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, maji hayaendi mbali, na hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, basi ukijua ya leo umejua ya kesho.

Hapo utaona kwa nini Idi mbili hazifanani ufukweni. Idi el Fitri ni tarehe 1 ya mwezi mwandamo, bamvua tupu: asubuhi pakavu, maji yanarudi alasiri wakati watu wameshachoka. Idi el Haji ni tarehe 10, maji mafu, na saa 6 mchana bahari iko miguuni. Mwenye watoto wadogo ningemwambia achague maji mafu. Mwenye watoto wa kuanzia miaka minane, bamvua ina raha yake: asubuhi mnatembea kwenye mchanga uliofunuka mkitafuta kaa na viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), alasiri mnaogelea. Vaeni yeboyebo zenye kamba ya kisigino. Pekupeku mtu hukanyaga miiba, na ndala zinabaki kwenye tope. Geukeni mara maji yanapoanza kurudi, maana hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu.

Kuta za mawe mnazoziona zimeingia baharini zilijengwa kupunguza mmomonyoko. Watoto wanazipenda na ndipo pabaya: mawe yana utelezi, na kando ya ukuta mkondo huvuta kuelekea nje. Ogeleeni katikati, mbali na kuta zote mbili.

Siku ya pili iwe ya Mbudya. Kisiwa kiko ndani ya eneo tengefu la bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kuna ada ya kuingia, ya raia ni tofauti na ya mgeni, basi beba kitambulisho. Kisiwa hakina maji yasiyo na chumvi: lita 2 kwa kila mtu, usipunguze. Ukifika agiza samaki kwanza, kisha ndiyo utafute banda, kwa sababu anakaangwa kwa zamu na unaweza kusubiri zaidi ya saa moja. Siku za bamvua ondokeni mapema, saa 2 au 3 asubuhi, la sivyo boti itakaa mbali na mtaifuata mnabeba vyakula kichwani. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huongezeka mchana na safari ya kurudi inalowesha. Mtoto asipopata jaketi la kuokolea linalomkaa, msipande. Kubwa linalomvuka kichwa halina kazi.

Diko la Kunduchi mliendee asubuhi, vyombo vinapoingia. Samaki huuzwa kwa mnada, mafungu kwa mafungu, na asiyejua bei asimame kando asikilize mafungu mawili matatu kabla ya kufungua mdomo. Hoteli nyingi hazitakupikia samaki wa kuja naye. Mlipe mtu palepale akuparulie na kukukaangia.

Magofu ya Kunduchi yanatosha saa moja. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, chini ya mibuyu. Nenda na mwenyeji, usiende peke yako na simu mkononi.

Sasa chumba. Uliza swali hili kwa maneno haya: "Bei hii ina tiketi za michezo ndani yake?" Kama zimo, omba bei bila tiketi, na uandikiwe. Omba chumba upande wa bahari, mbali na spika za bwawa, kwa sababu muziki wa Jumamosi haujui mtoto amelala. Ingia Jumapili jioni, wakati wengine wanaondoka. Na kama siku ya mwisho maji yanajaa alasiri huku chumba kinatakiwa saa 4 asubuhi, ulizia mapema kama mizigo inaweza kubaki mapokezi na kama kuna bafu la nje la kujisuuza chumvi kabla ya kupanda gari.