Mtoto hajaizoea dawa, msimpumzishe

Wiki hii neno hili limenifikia tena dirishani, na safari hii halikuletwa na bibi aliyetoka Pangani na mjukuu mgongoni. Limeletwa na baba kijana, msomi, anayeongea kwa kujiamini: "Daktari, mwili wa huyu mtoto umeshaizoea dawa. Tumempumzisha mwezi mmoja, ili akianza tena imshtue." Mimi ni mfamasia, si daktari, ila kuitwa daktari nimezoea. La kumshtua mtoto kwa ARV, yaani dawa za VVU, nimelichoka.

Mwili wa mtoto haumo kabisa kwenye hadithi ya usugu, yaani kirusi kutosikia dawa. Mtu anaweza kumeza dawa ileile miaka na miaka, akaimeza sawasawa, na ikaendelea kufanya kazi kama siku ya kwanza. Kinachobadilika ni kirusi. Kwa mtu asiye kwenye dawa, VVU hujinakili mabilioni kwa siku, tena ovyo ovyo, na makosa hayaishi. Mengi ni hasara kwa kirusi chenyewe. Machache hubadilisha palepale dawa inaposhika. Dawa ikiwa ya kutosha damuni, kirusi hakizaliani na makosa hayapati nafasi. Isipokuwepo kabisa, chenye kosa hakina cha kuwazidi wenzake. Balaa liko katikati: dawa ipo, ila haba. Wavuvi hunielewa upesi nikiwaambia kwamba wavu wa macho makubwa huwaacha wadogo wapite, na waliopita ndio watakaozaana.

Haya, mapumziko ya mwezi yanapita hapo katikati dawa ikiwa inatoka. Enzi za nevirapine na efavirenz, ARV za zamani, ilikuwa mbaya zaidi, maana hizo hukaa damuni siku nyingi baada ya wenzake kwisha. Umeacha dawa tatu siku moja, kumbe mwilini imebaki moja inapigana peke yake, na kwa nevirapine badiliko moja tu la kirusi, kama lile liitwalo K103N, linatosha kuiangusha. Ndiyo yaliyowakuta akina mama wengi wa ile dozi moja ya nevirapine ya kumkinga mtoto: miligramu 200 uchungu ukianza, na matone kwa mtoto ndani ya siku tatu. Matokeo ya utafiti wa Kampala yalipotoka 1999 ilikuwa neema, na siwalaumu waliotumia, watoto wengi waliokolewa. Lakini iliacha usugu nyuma yake, kwa mama na kwa mtoto aliyeambukizwa pamoja na dozi hiyo.

Hapo kuna swali ninaloulizwa kwa ukali: mtoto hajawahi kupewa ARV za matibabu, usugu kautoa wapi? Kautoa kwa mama, kirusi kikiwa tayari sugu. Au aliambukizwa tumboni, kisha akapewa sirapu ya nevirapine ya kinga huku kirusi tayari kimo ndani, dawa moja dhidi ya maambukizi kamili. Au ni maziwa: baadhi ya dawa anazomeza mama hupita humo kidogo, hazitoshi kumtibu mtoto, zinatosha kukichagua kirusi sugu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya 2021 ilisema karibu nusu ya watoto wachanga waliogunduliwa na VVU katika nchi 10 za Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na usugu kwa kundi la nevirapine kabla ya kuanza matibabu. Kwa hiyo tusimfanye mama mzembe kwa kila usugu wa mwanawe.

"Lakini baada ya mapumziko kipimo cha usugu kilikuja safi!" Ndiyo, kilikuja safi kwa sababu dawa haikuwepo. Virusi vya kawaida vilirudi vikavifunika vile sugu, na hivyo sugu vimelala ndani ya seli za kinga, zile za CD4, vikisubiri. Rudisha dawa, navyo vitaamka. Ndiyo maana damu ya kipimo hicho tunataka ichukuliwe mgonjwa akiwa anameza dawa zilezile tunazozishuku.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba mara nyingi huyo mtoto "aliyeizoea dawa" hana usugu wowote. Wingi wa virusi ukipanda, maana yake dawa haijafanya kazi, na sababu ya kwanza ni kwamba haijafika. Chukua ARV iitwayo dolutegravir, ya watoto ya miligramu 10, ile ya kuyeyusha. Mwenye kilo 9 ni kidonge kimoja na nusu. Akifika 14 ni viwili na nusu. Sasa mtoto kapelekwa kwa shangazi Muheza, dawa anafuata jirani, kadi inaandikwa uzito wa mara ya mwisho, na mtoto anaendelea kukua huku dozi imesimama. Tena kidonge kinayeyushwa, mtoto anakunywa nusu, masalia yanabaki chini ya kikombe. Kisuuzeni, anywe na hayo.

Kwa wajawazito kizuizi ni dawa za kuongeza damu, zenye madini ya chuma. Dolutegravir ikikutana na madini ya chuma tumboni kukiwa kutupu hushikana nayo, na karibu nusu yake haiingii damuni. Ukizimeza pamoja na chakula, hakuna shida. Ramadhani basi: zimeze daku ukiwa unakula, usizimeze futari kwa maji na tende kisha ukaenda kuswali ndipo urudi mezani. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia havina msamaha hata wa chakula. Meza dolutegravir saa mbili kabla yake au saa sita baada. Sisemi kidonge kimoja cha kiungulia kitazaa usugu. Nasema mama mwenye virusi vingi miezi ya mwisho na wakati wa kunyonyesha anamhatarisha mtoto, na hakuna aliyemuuliza ana kiungulia.

Mwongozo unasema virusi vikizidi 1,000 kwa mililita ya damu, tutoe ushauri wa ufuasi kisha tupime tena. Kwa wengi inatosha. Moyo unakuwa mzito kwa mtoto aliyeanzia nevirapine, akahamia sirapu chungu ya lopinavir, kisha akawekwa dolutegravir virusi vikiwa juu, na lamivudine, dawa mwenzake, pengine kirusi kimeshaizoea. WHO ilipotoa taarifa 2024, usugu wa dolutegravir kwa waliopimwa virusi vikiwa juu ulikuwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6 katika tafiti kadhaa, lakini ulifika 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi. Mtoto huyo anameza, ninavyoamini, ingawa vidonge vinavyorudi vimehesabika vizuri mno kiasi cha kunitia shaka. Nimwache kwenye ushauri tena, au nidai kipimo cha usugu mapema? Kwa huyo mimi hudai mapema, na nimegombana na wenzangu kwa hilo. Majibu yakichelewa, anaendelea kumeza, na tarehe za kila dawa aliyopitia naziandika juu ya faili kwa wino mwekundu, maana karatasi ya maabara haitazitaja.